Shindano ya imbwa: ililala wapi?

Mu Bunia na kule ku machimbo ya Mongbwalu, imbwa ndiye mulinzi wetu wa usiku. Lakini akishikwa na kichaa, anaweza kuua mtoto wako. Achanjwe akiwa na miezi 3, kisha kila mwaka.

Wengine wananunua dawa ku soko na kumupiga shindano wenyewe. Ulijiuliza dawa ile ililala wapi? Chanjo inataka baridi ya digri 2 mpaka 8. Ikikaa ku jua, nguvu inaisha, ikiganda, inaharibika. Unapiga maji bure, na unalala ukijidanganya.

Muite munganga wa nyama aje na kisanduku chake cha barafu. Wewe ushike imbwa. Yeye atainua ngozi ya shingo na kuchoma chini yake. Halafu muangalie nusu saa: akivimba uso ao akitapika, sema upesi.

Na ukiumwa, osha kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, ukimbie ku hospitali siku ile ile. Dalili zikishaonekana, karibu hakuna mutu anayepona.

Je, imbwa wangapi wa avenue yenu wamechanjwa? Uliza leo.