Asilimia ya nini? Swali linalochochea mizozo ya kodi za maduka mitaani

NENO “asilimia” linapotiwa katika mapatano ya kodi ya duka huonekana jepesi. Ugomvi huzuka baadaye, mwenye jengo na mpangaji wanapotambua kwamba kila mmoja alikuwa na hesabu yake. Katika mitaa ya Kibera na Kawangware jijini Nairobi, ambako mapatano mengi hufanywa kwa mdomo, tofauti hiyo yaweza kumfilisi mchuuzi.

Desturi ya kutoza kodi kwa asilimia ya mauzo ni ya majumba makubwa ya kibiashara. Huko mpangaji hulipa kodi ya msingi, kisha huongeza sehemu ya mauzo yanayopita kiwango fulani. Mawakili huandika mkataba na kueleza maana ya “mauzo”. Mpango huo ukiletwa kwenye kibanda cha Laini Saba bila maelezo hayo, hugeuka mtego.

Chukua mfano wa duka linalouza bidhaa za Sh60,000 kwa mwezi, ambazo mwenye duka alizinunua kwa Sh52,000. Asilimia 10 ya mauzo ni Sh6,000. Asilimia 10 ya faida ni Sh800 pekee. Na wakikubaliana “kodi Sh4,000 pamoja na asilimia 10 ya mauzo”, landilodi atadai Sh10,000, kiasi kinachozidi faida yote. Mpangaji naye atasema asilimia hiyo inahusu mauzo yanayozidi Sh40,000, hivyo deni lake ni Sh6,000. Kwa wakala wa M-Pesa hali ni tatanishi zaidi, kwani fedha zinazopita mikononi mwake ni za wateja. Chake ni kamisheni tu.

Hata nyongeza ya kila mwaka ina utata. Kodi ya Sh4,000 ikipandishwa kwa asilimia 10 ya kodi ya awali, itafika Sh6,000 baada ya nyongeza tano. Ikihesabiwa juu ya kodi ya mwaka uliotangulia, itakuwa Sh6,442.

Katika kufasiri maneno kama hayo, mahakama hutafuta nia ya pande zote mbili walipokubaliana, na haiwaandikii mkataba mpya. Mahakama ya Rufaa ilisisitiza msimamo huo katika kesi ya National Bank of Kenya dhidi ya Pipeplastic Samkolit. Pale maneno yanapobeba maana mbili, aliyeyaandika ndiye huelekea kuumia.

Lakini mchuuzi asiye na mkataba wa maandishi hajaachwa bila kinga. Sheria ya mwaka 1965 kuhusu maduka, hoteli na mikahawa ya kupanga, yaani Sura 301, inalinda upangaji wa biashara usioandikwa, pamoja na ule ulioandikwa kwa muda usiozidi miaka mitano. Duka, kinyozi na kibanda cha chakula vyote vimo. Vyumba vinavyokodishwa na Serikali au baraza la mtaa havimo.

Kwa mujibu wa kifungu cha 4, landilodi anayetaka kupandisha kodi sharti atoe ilani rasmi ya angalau miezi miwili. Mpangaji asiyekubali hupeleka malalamiko kwenye jopo la kodi za majengo ya biashara kabla ya siku ya ilani kuanza kutumika. Akifanya hivyo, ilani husimama hadi uamuzi utolewe. Akinyamaza, nyongeza huanza kutumika. Vilevile, landilodi hawezi kutuma madalali kunadi mali ya mpangaji huyo bila idhini ya jopo.

Wapo wanaodhani sheria hii haifiki Kibera, ambako sehemu kubwa ya ardhi ni ya Serikali, tofauti na Kawangware ambako ardhi nyingi ni ya watu binafsi. Hiyo si kweli. Sheria inamtambua landilodi kuwa mtu anayestahili kupokea kodi, kati yake na mpangaji. Haidai hatimiliki ya ardhi.

Umuhimu wa kusuluhisha mambo haya kwa utaratibu ulidhihirika mwishoni mwa mwaka 2001, pale mzozo wa kodi za nyumba za makazi Kibera ulipogeuka ghasia zilizoua watu kadhaa. Rais wa wakati huo, Daniel arap Moi, alikuwa ametamka hadharani kwamba kodi zipunguzwe. Kauli ya jukwaani haikuwa na kipimo wala utaratibu, na kila upande uliifasiri upendavyo.

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Sheria hiyo hiyo inamtaka landilodi kuweka kitabu cha kodi na kumpa mpangaji nakala. Wanaokubaliana kuhusu asilimia wangeandika humo mambo matatu: ni asilimia ya nini, huanza kuhesabiwa kutoka kiwango gani, na ni nani atakayekagua hesabu. Ukurasa mmoja unatosha, nao ni nafuu kuliko kesi.