Miezi Miwili Ulaya, Bibi Binza Hujamuaga? Hapo Hatuelewani

Leo sina habari ya nani kaachana na nani, hizo tutazirudia wikiendi. Leo nina jambo limenikaa rohoni tangu mwezi wa saba, na najua wengine mtanirushia mawe, lakini nalisema hivyo hivyo.

Kuna dada mmoja anasoma chuo pale Dodoma. Simtaji jina, mnaomfuatilia TikTok mshamjua. Asili yake ni huku kwetu Binza, Simiyu. Mwaka 2025 kapata nafasi ya kwenda Ujerumani likizo ndefu, ambayo kule ni majira ya joto. Miezi miwili na kitu, masomo mafupi, halafu anarudi kumalizia mwaka wa tatu.

Waliopata bahati kama hiyo kabla yake tumezoea kuwaona kwa mtindo mmoja. Kimya, kimya, kimya, halafu siku moja unaona picha ya begi na pasipoti uwanja wa ndege, chini kaandika "Mungu ni mwema". Kwisha habari. Hata mama yake mdogo anajua siku hiyo hiyo, tena kwenye stetasi.

Huyu akafanya tofauti. Chuo kilipofungwa akapanda treni ya SGR, akashuka Morogoro kwa mjomba wake, akalala siku mbili. Akaenda Dar kwa baba mdogo, akapeleka maombi ya viza. Majibu ya viza za kule kawaida ni siku kama 15. Wengi wetu tungekaa Dar tunakula bata tukisubiri. Yeye akapanda basi la Mwanza. Akavuka lile daraja jipya la Kigongo–Busisi kwenda Sengerema kwa shangazi yake. Daraja lilifunguliwa Juni 19, yaani halikuwa na miezi miwili, kilometa 3 juu ya ziwa, pale ambapo zamani unasubiri kivuko mpaka unasinzia. Akarudi Mwanza, akapita Magu, akapita Lamadi, akashuka Bariadi, akaunga bodaboda mpaka Binza kwa bibi mzaa baba. Hapo ndio akakaa siku nyingi kuliko kote. Na kila alipofika alirusha video.

Sasa fungua komenti uone watu.

"Miezi miwili tu, anaaga kama anahamia mwezini."

"Anakusanya michango huyo, kuweni macho."

"Mshamba, safari haitangazwi."

Na iliyopata laiki nyingi kuliko zote: "Dada, mpaka kwa bibi? Usije ukashangaa viza imekataliwa." Chini yake watu wanacheka mpaka wanatoa machozi.

Hiyo ya mwisho ndiyo imenifanya niandike. Lakini twende taratibu, maana hizo zingine zina hoja kidogo.

La gharama nakubali. Treni yenyewe, Dodoma mpaka Dar, ilipoanza 2024 daraja la kawaida lilikuwa 31,000. Ongeza mabasi, ongeza bodaboda. Na huendi kwa ndugu mikono mitupu, lazima sukari, sabuni, na kanga ya bibi. Hapo mtu kashalipia pasipoti 150,000, kalipia viza Euro 90, kalipia na bima ya safari. Kwa mtoto wa mkulima wa pamba anayeishi kwa bumu, huo ni mzigo mzito. Kwa hiyo sidai kila mtu azunguke nchi nzima. Kama huna nauli, piga simu. Bibi hana simu? Mpigie jirani aweke spika, ongea naye dakika tano. Kuaga siyo lazima iwe mikoa minne.

Na ndugu nao wajirekebishe. Ukisema tu unasafiri, mjomba anataka simu, binamu anataka raba, mwingine ambaye hamjawahi hata kusalimiana anakutumia namba ya kiatu. Jamani, mtoto anaenda kusoma kwa posho ya kuhesabu, haendi mnadani. Tabia hiyo nayo inawafanya vijana wakimbie bila kuaga.

La michango ndio limenichekesha. Kwenye video ya mwisho bibi anafungua pindo la kanga, anatoa elfu tano imekunjwa mpaka imekuwa kama karanga, anampa mjukuu na mfuko wa michembe ale njiani. Huo ndio mchango mliokuwa mnausema.

Haya, sasa tuje kwenye lenyewe.

Tuseme ukweli, watu hawafichi safari kwa sababu ya nauli. Wanaficha kwa sababu wanawaogopa ndugu zao. Ukipata nafasi, rafiki yako wa kwanza anakwambia usimwambie mtu mpaka ndege ipae. Kuna husda, kuna jicho, wazee wa kijijini hawapendi maendeleo. Ukiuliza mzee gani huyo, jibu karibu kila mara ni bibi. Babu hatajwi. Ni bibi.

Nyie wa Dar mnacheka kwa sababu kwenu ni utani. Mimi nimezaliwa huku. Usukumani, kuanzia Shinyanga, Mwanza mpaka Simiyu yetu hii iliyopata kuwa mkoa 2012, bibi zetu wengi wameuawa kwa mapanga kwa kusemwa ni wachawi. Ushahidi ulikuwa nini? Macho mekundu. Macho yaliyokuwa mekundu kwa kupuliza moto wa kuni na mavi ya ng'ombe miaka hamsini ili sisi tule. Serikali imekemea, watu wamefungwa, na sheria ya uchawi ipo tangu 1928, inakataza kumtaja mtu kuwa ni mchawi. Lakini neno bado linatembea. Na linaanzaga hivi hivi, kwa utani. Leo komenti, kesho minong'ono kisimani, keshokutwa ng'ombe wa mtu anakufa na watu wanaulizana bibi yule alipita wapi.

Sisemi kwa kusikia. Binamu yangu alipata kazi Oman 2021. Akashauriwa asimwambie mtu. Sisi vijana akatuaga usiku, bibi akaambiwa kaenda Mwanza kwenye semina. Kama mwezi umepita, jirani akamwonyesha bibi picha kwenye simu, mjukuu wake yuko Muscat anatabasamu. Bibi hakulia wala hakusema kitu. Jioni nikampelekea maji ya kuoga, akaniuliza, "Na nyie mnaniona hivyo?"

Nikajifanya sijaelewa. Nikasema maji yanapoa.

Binamu alirudi baada ya miaka miwili na blanketi zito, zuri kabisa. Bibi kapokea, kashukuru, kaliweka juu ya kabati. Mpaka leo liko kwenye mfuko wake wa plastiki. Usiku wa baridi anajifunika kanga mbili.

Kwa hiyo nilipoona video ya yule dada akiwa Binza, mimi sikuona mshamba anayetafuta kiki. Niliona mtoto anaingia uani asubuhi, anapiga goti, "Mwangaluka", bibi anaitikia kwa sauti majirani wote wanasikia. Wanakwenda shambani kuvuna pamba pamoja. Bibi anamuuliza huko unakokwenda kuna ng'ombe? Wapo. Kuna watu wetu? Wachache. "Basi uwe unaongea na watu, usikae peke yako." Siku ya kuondoka bibi kamwekea mkono kichwani, mbele ya watu waliojaa uani.

Hapo ndipo wengi hamkuelewa. Huku kwetu kumuaga bibi mbele ya watu ni kumlinda. Ni kama unakiambia kijiji kizima kwamba huyu ni mtu wangu, siri zangu anazijua, simwogopi. Kijana aliyesoma, anayepanda ndege, akifanya hivyo, mwenye maneno yake kisimani anakosa pa kuanzia. Na kijana huyo huyo akitoroka kimya, kila mtu anajiuliza kamkimbia nani. Wewe uko zako Ulaya unapiga picha kwenye baridi, bibi kabaki na swali ulilomwachia mlangoni.

Na viza? Ilitoka. Na ingekataliwa, ingekataliwa na mtu wa ubalozini aliyekagua makaratasi. Watu wananyimwa viza kila siku kwa taarifa za benki na barua zisizoeleweka, na wala hawana bibi Binza.

Najua mtaniambia kuna ndugu wabaya kweli. Wapo. Kuna waliokula ada, kuna waliokutukana ukiwa mdogo. Hao huna deni nao, safiri zako salama. Lakini tofautisha mtu aliyekukosea na mtu ambaye kosa lake ni kuzeeka na kukaa kijijini.

Basi nyie mnaosafiri, iwe chuo, iwe kazi Uarabuni, iwe fildi ya miezi miwili Mtwara, ageni watu wenu. Na uliyeandika ile komenti ya viza, nenda kaifute tu, hatutakutaja.

Niambieni hapo chini, wewe uliaga? Au bibi aliona kwenye simu ya jirani?

Mimi Jumapili naenda kwa bibi. Kuna swali aliniuliza 2021 nikamjibu maji yanapoa.