Nani Hulipa Mahari?

Shangazi yangu aliuza kiwanja chake Kitengela ili mwanawe asomee urubani pale Wilson, Nairobi. Kila saa ya kuruka ina bei yake, na kijana anazihesabu saa hizo mojamoja. Mwezi uliopita tukiwa mezani alisema kwa furaha kwamba mashirika ya ndege ya Afrika yaungane upesi. "Shirika likiwa kubwa linaongeza ndege. Likiongeza ndege linaajiri marubani. Hesabu ni rahisi, kaka."

Sikutaka kumjibu mbele ya mama yake. Namjibu hapa, maana najua si yeye peke yake anayeamini hivyo.

Naelewa tamaa hiyo inatoka wapi. East African Airways ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilibaki na shirika lake dogo na madeni yake. Ndiyo maana neno "kuungana" linatupendeza. Mwaka 2021 Kenya Airways na South African Airways zilipotia saini makubaliano ya ushirikiano, zikiwa na ndoto ya kundi moja la Afrika nzima, wengi tulipiga makofi. Lakini kuungana si kukua. Siku mashirika mawili yanapooana, angani haiongezeki hata ndege moja. Ndege ni zilezile, jina ndilo jipya. Kisha wenye hisa wanadai faida ya ndoa, na njia ya haraka ya kuipata ni kupunguza: safari mbili za kwenda mji mmoja zinakuwa moja, vitovu viwili vinakuwa kimoja.

Tazama St. Louis, Marekani. Huko ndiko kulikuwa kitovu cha TWA. Mwaka 2000 uwanja wa Lambert ulipitisha abiria zaidi ya milioni 30. Aprili 2001 American Airlines ikainunua TWA, iliyokuwa imefilisika. American tayari ilikuwa na vitovu vyake Dallas na Chicago, St. Louis, iliyo katikati ya miji hiyo, ilikuwa ya ziada. Novemba 2003 ikapunguza safari zake za kila siku pale kutoka zaidi ya 400 hadi karibu nusu. Mwaka 2004 abiria walikuwa takriban milioni 13.

Kinachoniuma zaidi ni hiki: mji ulikuwa unajenga njia mpya ya kurukia ndege, kwa gharama ya zaidi ya dola bilioni moja. Mamia kwa mamia ya nyumba katika kitongoji cha Bridgeton zilibomolewa kuipisha. Ilifunguliwa mwaka 2006, wakati ndege ilizokusudiwa kuzihudumia zilikuwa zimeshaondoka.

Ni kweli, mashambulizi ya Septemba 11 yaliangusha biashara nzima ya anga. Lakini hasara ilipokuja, mtu fulani aliamua ni kitovu kipi kitolewe sadaka, na kilichotolewa ni cha bibi harusi.

Sasa marubani. Katika mashirika makubwa ya Marekani, maisha ya rubani huongozwa na orodha ya ukongwe kazini. Namba yako ndiyo inayoamua utaendesha ndege gani, lini utakuwa kapteni, kama Krismasi utakuwa nyumbani, na nani ataondolewa kwanza kazi ikipungua. Mashirika yakiungana, orodha mbili lazima ziwe moja. Zaidi ya marubani elfu moja wa TWA waliwekwa chini kabisa ya orodha ya American, nyuma ya watu walioajiriwa miaka mingi baada yao. Kazi zilipopunguzwa, mkato ulianzia chini, na chini ndiko walikokuwa wao.

Siwalaumu sana marubani wa American. Nao walijiuliza: shirika letu lilikuwa hai, lao lilikuwa linakufa, kwa nini nimpishe mgeni? Ndivyo ndoa hizi zinavyogombanisha wafanyakazi huku waliozifunga wakiwa wameshasaini. Marubani wa America West na US Airways, walioungana mwaka 2005, waligombania orodha hiyo kwa miaka mingi. Baada ya kilio cha watu wa TWA, maseneta wawili wa Missouri, Claire McCaskill na Kit Bond, walipitisha sheria ya mwaka 2007 inayotaka orodha ziunganishwe kwa haki. Waliosababisha sheria hiyo hawakufaidika nayo.

Baadaye zilikuja Delta na Northwest, United na Continental, American na US Airways. Memphis na Cleveland zikapoteza vitovu. Leo mashirika manne yanashika takriban asilimia 80 ya soko la ndani la Marekani, na washindani wakiwa wachache, hakuna haraka ya kuongeza viti. Ni rahisi zaidi kujaza vilivyopo. Ndege iliyojaa inampendeza mhasibu, lakini haimwongezei rubani nafasi ya kazi.

Atakayenipinga atanitajia Spirit. Januari 2024 mahakama iliizuia JetBlue kuinunua, na Novemba mwaka huohuo Spirit ikaomba ulinzi wa kufilisika. Hoja hiyo ni nzito. Wakati mwingine kuungana huokoa baadhi ya kazi ambazo zingekufa zote; hata TWA ilikuwa mahututi. Basi tuuite uokoaji. Anayeokolewa anajua kuna mizigo itakayotupwa baharini, na ana haki ya kuuliza mapema ni mizigo ya nani. Anayeahidiwa ukuaji haulizi.

Kwa hiyo, mdogo wangu, siku watakapotangaza ndoa huku kwetu, usishangilie kabla ya kusoma karatasi. Uliza ni njia zipi zitabaki miaka mitatu baadaye, na kitovu kipi kitafungwa kati ya Nairobi na Johannesburg. Uliza orodha za marubani zitaunganishwaje, na kama imeandikwa kabla ya saini au imeachwa "kwa majadiliano ya baadaye." Wasipokujibu, ujue mahari itatoka mfukoni mwako. Na sisi kiwanja cha Kitengela tumeshakiuza.