Bawa Lisilo na Mkia



Kuna jina ambalo halikosekani katika mashindano ya maswali na majibu ya madrasa zetu: Abbas ibn Firnas. Muulizeni mwanafunzi nani miongoni mwa Waislamu wa kale alijaribu kuruka kwa mbawa, atajibu kabla hamjamaliza swali. Ataongeza kuwa aliishi Cordoba, Andalusia, na kwamba alifariki mwaka 887. Wenye bidii zaidi watawaambia kuwa hata shimo moja la mwezini limepewa jina lake. Takbir inapigwa, zawadi inatolewa, swali linalofuata linasomwa.

Sisi tunasema hapo ndipo pa kuanzia, wala si pa kumalizia. Habari yenyewe haiishii kwenye kuruka. Al-Maqqari, mwanahistoria wa karne ya 17 (naye aliandika zaidi ya miaka 700 baadaye, na mwanafunzi anapaswa kulijua hilo pia), anasimulia kuwa Ibn Firnas alijivika manyoya na mbawa, akajirusha kutoka mahali pa juu, akaenda angani masafa kadhaa, kisha akatua vibaya akaumia mgongo. Sababu nayo imetajwa: hakuzingatia kwamba ndege hutua kwa msaada wa mkia, na yeye hakujitengenezea mkia. Sasa waulizeni vijana wetu wale wale: mkia unafanya kazi gani? Kimya. Tumerithi sifa, somo lililomo ndani yake tumeliacha chini.

Ndiyo maana rai yetu mwaka huu ni kwamba kikundi cha sayansi cha madrasa kitumie likizo kutengeneza ndege ndogo isiyo na injini, inayoongozwa kwa rimoti, ambayo ni bawa tupu. Haina kiwiliwili na haina mkia. Inarushwa mlimani, nayo huelea kwa upepo unaopanda mteremko. Tumeichagua hiyo makusudi, kwa sababu mwanafunzi akishasoma habari za Ibn Firnas lazima atauliza: mbona hii haina mkia na haianguki?

Jibu ni kwamba mkia upo, ila umefichwa. Katika ndege ya kawaida bawa lina tabia ya kutaka kuinamisha pua, na mkia unasukuma chini kidogo kule nyuma ili pua isizame. Bawa letu limepindwa kwenda nyuma kama mbawa za mbayuwayu, hivyo ncha zake mbili ziko nyuma kuliko katikati. Kingo za nyuma huinuliwa kidogo sana, milimita 2 au 3, basi sehemu hizo za nyuma hufanya kazi ya mkia. Kwa upande mwingine uzito huvutwa mbele: betri huwekwa puani. Ukikosea uzito ukaja nyuma, bawa litapindukapinduka kama karatasi iliyotupwa ghorofani, na hakuna ufundi wa vidole utakaoliokoa. Kwa hiyo kabla ya kitu chochote, bawa husimamishwa juu ya ncha za vidole viwili, mahali pale ramani yake ilipoonyesha, na lazima litulie sawa au liiname mbele kidogo. Hatujui somo la mizani lililo rahisi kuliko hilo, na halihitaji maabara.

Vifaa vingi tunavyo hapa hapa. Mwanza ni mji wa sangara, na minofu yake husafirishwa katika maboksi meupe mepesi ya stairofomu. Yaliyovunjika pembe yanafaa kabisa kwa bawa la sentimita 120. (Yaoshwe vizuri, la sivyo paka wote wa mtaa watakuwa wageni wa madrasa.) Hukatwa kwa waya uliopashwa moto kwa betri, nje kwenye hewa, mtu mzima akisimamia kwa sababu ya moshi wake. Kisha huunganishwa kwa ufito wa mwanzi na kuzungushiwa selotepu. Vya kununua ni rimoti na risiva yake, betri, na vile vimota vidogo viwili vinavyoitwa sevo, kila kimoja gramu 9. Hivi ndivyo vinavyosukuma vibao viwili vya nyuma. Vibao vyote vikipanda, pua inapanda. Kimoja kikipanda na kingine kikishuka, bawa linalala upande na kugeuka. Vibao viwili vinafanya kazi ambayo ndege nyingine huigawa kati ya mkia na mbawa.

Jaribio la kwanza lifanyike uwanja wenye majani, si mlimani. Mtu anaukabili upepo na kulisukuma bawa sawa na ardhi, bila kulirusha juu. Likichoma chini, vibao vyote viwili viinuliwe kidogo. Likiinua pua na kuyumba, uzito uongezwe mbele. Likienda polepole hadi kwenye majani, tayari.

Hapo ndipo Nyamagana inapotutajirisha. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko ziwa, hewa yake hupanda, na hewa baridi ya ziwani huja kujaza nafasi. Upepo huo ukikutana na kilima hauna pa kwenda ila juu. Bawa letu kwa kweli linashuka muda wote, tuseme nusu mita kwa sekunde, lakini likiwa ndani ya hewa inayopanda mita moja kwa sekunde, sisi tulio chini tunaliona linapanda. Watazameni mwewe juu ya mawe yetu wakati wa Adhuhuri: hawapigi mbawa. Surat al-Mulk, aya ya 19, inatuuliza kama hatuwaoni ndege walio juu yetu. Tunaisoma kwa sauti nzuri, kisha tunapita chini ya ndege hao hao bila kuinua kichwa.

Hatusemi mtoto apande kilima chochote. Vilima vya Mabatini na Igogo vimejaa nyumba, na bawa la gramu 400 likishuka kwa kasi linaweza kumuumiza mtu. Tunapendekeza miteremko iliyo wazi upande wa Luchelele, inayotazama ziwa, mbali na uwanja wa ndege ulioko Ilemela. Sheria ya mlimani ni moja na haina mjadala: kila kona hukatwa kuelekea ziwani, kamwe si kuelekea mlima. Na nyuma ya kilele upepo hujiviringisha na kuvuta chini, basi huko hapapelekwi bawa. Tena kuna kanuni za mwaka 2018 za vyombo vya angani visivyo na rubani, zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Uongozi uulize na upate ruhusa kwa maandishi kabla ya siku ya kwanza. Hata likiwa bawa la boksi la samaki.

Tunajua wazee wetu watasema huu ni mchezo, na watoto wameletwa kuhifadhi. Kuhifadhi kubaki mbele, hilo hatubishani. Lakini tukumbushane jambo la mwaka 2018. Kwa miezi sita ndege isiyo na rubani ya DHL, iliyoundwa na kampuni ya Wingcopter ya Ujerumani kwa ushirikiano na GIZ, ilijaribiwa kupeleka dawa Ukerewe. Kilomita 60 juu ya maji ilizikata kwa wastani wa dakika 40, wakati kwa barabara ni kilomita 240 na takriban saa sita. Kwa mama mgonjwa kisiwani tofauti hiyo si mchezo. Majaribio yakaisha. Chombo cha namna ile kikirudi ziwani kitahitaji watu wa kukisawazisha uzito, kuusoma upepo na kukitengeneza kikivunjika. Hakuna sababu watu hao wasitoke Mkuyuni, Butimba na Mahina, wa kike kwa wa kiume, na hatuoni watajifunzia wapi kama kila chenye mbawa tunakiita mchezo.

Wapo pia watakaohofia swala. Upepo wa ziwa huanza kushika kabla ya Adhuhuri na kwa kawaida huwa mzuri alasiri, kisha jua likikaribia kuzama hulegea. Bawa halitakaa angani hata mrushaji akitaka. Watoto watakuwa wamefika nyumbani kabla ya adhana ya Magharibi. Mwenye maboksi au rimoti ya zamani ayakabidhi ofisini kwa ustaadhi kabla likizo haijaanza, Insha'Allah.