Kaskazi Riruta: Nyimbo Tuzipendazo na Haki ya Mtunzi

Ndugu msomaji, wenzetu wa Ulaya wana desturi. Mwimbaji wao mkongwe akishaingia mvi, hukusanya nyimbo za siku za jua na matembezi ya ufukweni, akazitia katika sahani moja, na watu wazima wenzake wakainunua ili wakumbuke walivyokuwa. Wao huziita nyimbo za kiangazi. Sisi watu wa mwambao hatuhesabu mwaka kwa kiangazi chao, twahesabu kwa kaskazi na kusi. Lakini kukumbuka twakumbuka, na nyimbo za kutukumbusha tunazo.

Mimi kaskazi yangu ilinijia Riruta, katika baridi ya mwezi wa Julai, wakati Nairobi hufunikwa na mawingu kutwa na mtu wa pwani hulala na sweta. Nilikuwa nikirudi kutoka Kawangware na mahamri yangu ya jioni, nikasikia gitaa likitoka katika kibanda cha kijana mmoja anayejazia madereva wa matatu nyimbo katika flashi. Nikasimama. Ilikuwa "Tausi" ya Fundi Konde. Mara nikajiona niko kwetu, redio ya betri iko juu ya kiti barazani, marehemu baba ameegemea ukuta, na mama uani yuko juu ya mbuzi akikuna nazi.

Nikamuuliza yule kijana, "Mwanangu, wamjua huyu aimbaye?" Akanijibu kwa adabu, "Ustadh, mimi najua tu hizi ni zilizopendwa." Nikampa shilingi mia, akanijazia nyimbo mia mbili, nikaenda zangu nyumbani na furaha tele.

Basi kwa faida ya kijana huyo na wenzake, na niseme. Fundi Konde alizaliwa mwaka 1924 karibu na Malindi, Mgiriama wa asili. Katika Vita Kuu ya Pili alikuwa askari wa K.A.R. akafika hata Burma, na kazi yake huko ilikuwa kuwaburudisha askari wenzake kwa muziki. Aliporudi alikuwa miongoni mwa wa kwanza nchini Kenya kupiga gitaa la umeme, na nyimbo zake kama "Kipenzi Waniua" na "Majengo Siendi Tena" zikaenea kila palipokuwa na santuri. Baadaye, nyimbo alizozitoa baina ya mwaka 1947 na 1956 zilikusanywa katika sahani moja ya ukumbusho. Vijana wa Them Mushrooms nao, bendi iliyoanzia pwani mwaka 1972 na kuhamia Nairobi mwaka 1987, walimfuata mzee wakazipiga upya baadhi ya nyimbo zake pamoja naye. Alifariki dunia mwaka 2000.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda kuswali Makina, Kibera. Baada ya swala nikaketi na mzee mmoja wa Kinubi, kwani Wanubi wa Kibera ni wajukuu wa askari wa K.A.R., na habari za Burma kwao ni habari za nyumbani. Nilipomtajia "Tausi" alitabasamu, akaufuata wimbo kwa kidole juu ya goti. Kisha akaniuliza swali moja tu: "Na wanawe, wao hupata nini katika hizo shilingi mia zenu?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na aibu tu. Maana mimi mwenyewe ni mtunzi wa mashairi. Miaka kadhaa iliyopita shairi langu liliimbwa katika arusi kubwa, likarekodiwa, likauzwa, na jina langu halikutajwa hata kwa bahati mbaya. Nilinung'unika barazani mwezi mzima! Nikawaita wale watu wezi. Kumbe mwizi mwingine alikuwa Riruta, amekaa kitandani na kikombe cha chai, ana nyimbo mia mbili za watu na hakumlipa mtunzi hata mmoja.

Maalim wetu chuoni alikuwa mkali wa bakora, na gitaa hakulipenda. Lakini kuna jambo alilotufunza ambalo halijanitoka. Alitwambia kuwa haki ni za namna mbili, haki ya Mungu na haki ya mja. Haki ya Mungu, mtu akitubu kweli, Mola ni Mwingi wa kusamehe. Haki ya mja haifutiki kwa kutubu tu, mpaka umrudishie mwenyewe au yeye akusamehe. Na tulifunzwa tangu udogo kuwa mtenda kazi hupewa ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Jasho la waimbaji wetu wa zamani limekauka, na wengine wamekauka nalo kaburini.

Najua msomaji mcha Mungu ataniambia kuwa muziki wenyewe maulamaa wana maneno juu yake. Ni kweli, wala si kazi ya ukurasa huu kuamua. Lakini hoja hiyo haituokoi. Anayeona gitaa halifai, basi na asilisikilize, na hapo hatadaiwa. Ama sisi tunaolisikiliza, tukacheka nalo na kulia nalo, hatuwezi kusema wimbo ni mzuri wakati wa kuusikia na ni upuuzi wakati wa kuulipia.

Sheria ya nchi nayo iko wazi. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 yasema kuwa haki ya utungo hudumu muda wa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Haki ya sauti iliyorekodiwa huhesabiwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Kwa hesabu hiyo sauti ya mwaka 1956 ilikwisha muda wake mwaka 2006, lakini maneno na tuni aliyoitunga Fundi Konde ni mali ya warithi wake hadi mwisho wa mwaka 2050. Anayedhani kwamba wimbo ukishazeeka huwa wa bure amekosea.

Vyama vya kukusanya ujira wa watunzi vipo, na cha M.C.S.K. kiliundwa mwaka 1983. Migogoro yake twaisoma magazetini miaka nenda miaka rudi, na ni haki kudai visimamiwe kwa uaminifu. Lakini ubovu wa mkusanyaji haufuti deni la mdaiwa. Wenye matatu na mikahawa wachezao nyimbo kuvutia wateja walipie leseni. Watangazaji wa redio, kila wachezapo zilizopendwa, watutajie aliyetunga, maana mtu asiyejulikana jina hana wa kumdaia. Nasi wasikilizaji tununue palipo halali hata kama ni wimbo mmoja badala ya mia mbili.

Mimi nimeanza na nafsi yangu. Ile flashi nimeifuta, na "Tausi" nimeinunua upya kwa njia yake. Nimerudi kibandani kwa yule kijana nikamweleza habari za mzee wa Malindi na za warithi wake. Alinisikiliza kimya, kisha akasema, "Ustadh, hakuna aliyewahi kuniambia." Nami nikaona kuwa lawama si yake peke yake, ni yetu sisi tuliojua tukanyamaza. Basi nami kwa kalamu yangu nafunga hivi:

Mwimbaji alipoimba, hakuimbia upepo,
Alilima wake shamba, mavunoye yangalipo,
Haki ya mtu ni mwamba, haiondolewi hapo,
Usingoje akaomba, mlipe na iwe papo.