Mtoto Aliyechelewa Shule Si Mamluki

Kila mwaka pamba inapoanza kupasuka mashambani, shule zetu hushikwa na shughuli ya michezo. Wa shule za msingi hushindana katika UMITASHUMTA, na wa sekondari katika UMISSETA. Huanza katika kata, huendelea wilayani na mkoani, na wateule hufika hata mashindano ya taifa. Ni jambo jema, nasi twalipenda. Lakini pamoja na michezo huja neno moja ambalo limezoeleka mno vinywani mwa watu, nalo ni mamluki. Zamani mamluki alikuwa askari wa kukodiwa, apiganaye vita isiyo yake kwa ajili ya fedha. Siku hizi ni mchezaji aliyetiwa katika timu ya shule hali hastahili. Nasi twataka kusema leo, pasipo kuficha, ya kwamba neno hili hutupwa juu ya watu wawili walio mbalimbali kabisa, na ya kwamba mmoja wao anadhulumiwa.

Wa kwanza ni kijana asiye mwanafunzi. Alimaliza masomo zamani, au hakuketi katika shule ile hata siku moja. Ameletwa na watu wazima wiki moja kabla ya mashindano, amevishwa sare ya kuazima, amefundishwa jina la mtoto mwingine apate kuitika akiitwa. Huyu ni mamluki kweli, wala hatuna neno la kumtetea.

Wa pili ni mwanafunzi wetu wenyewe. Jina lake limo katika daftari la mahudhurio, dawati lake lajulikana, na mwalimu wake wa hesabu ajua vema ni wapi anaposhindwa. Ila alianza darasa la kwanza akiwa na miaka kumi. Hapa Lalago, na katika vijiji vyote vya Maswa, Meatu na Bariadi, hatuhitaji kuambiwa sababu. Ng'ombe walitaka mchungaji, naye ndiye aliyekuwa mkubwa wa kutosha kuwafuata na mdogo wa kutosha kutosikilizwa. Mwingine alimwuguza mama yake. Mwingine alihama na baba yake kutafuta malisho, akasahau hata herufi mbili tatu alizokuwa amejifunza. Siku alipoachiliwa kuja shuleni tulimpokea kwa furaha, na baba yake tukamsifu mbele ya watu. Sasa amefika darasa la saba, mrefu kuliko wenzake, sauti imekuwa nzito. Na siku ya mashindano mtu mmoja asimama kando ya uwanja, amnyoshea kidole, apaza sauti: Mamluki! Mtoto hutolewa nje, watu wote wakimtazama. Twawauliza wasomaji, ametenda kosa gani?

Na tutazame jinsi umri wake unavyopimwa. Mwenye cheti cha kuzaliwa huonyesha cheti. Asiye nacho mara nyingi hupimwa kwa macho. Twasema kwa macho, wala hatutii chumvi: hutazamwa kimo, hutazamwa ndevu kama zimeanza, hutazamwa misuli ya miguu. Na mtoto aliyefuata ng'ombe tangu alfajiri hata jua kuchwa, kila siku kwa miaka mitano, huonekana mzee kuliko mtoto wa mjini aliyezaliwa mwaka uleule. Tumepata kuona ndugu wawili, baba mmoja na mama mmoja, mdogo akikataliwa na mkubwa akikubaliwa, kwa kuwa mdogo ndiye aliyerefuka.

Vyeti vyenyewe kwetu ni habari ya juzi. RITA, wakala wa serikali uandikishao vizazi na vifo, ulianza mwaka 2013 huko Mbeya mpango wa kuwaandikisha bure watoto walio chini ya miaka 5, karibu na makwao, katika ofisi za kata na vituo vya afya. Kisha mpango huo ukapelekwa mkoa kwa mkoa. Kabla ya hapo mzazi wa kijijini alikuwa na safari ndefu na gharama mbele yake, na wengi hawakwenda. Mtoto aliandikwa kwa jina lake tu. Aitwaye Mabula alizaliwa wakati wa mvua. Aitwaye Bujiku alizaliwa usiku. Shija aliwafuata mapacha. Majina haya ni mazuri, wala hayasemi uongo, lakini hayataji mwaka. Kumdai mtoto karatasi ambayo baba yake hakuona njia ya kuipata, kisha kumwita mdanganyifu kwa kuwa hana, ni kumdai deni asilolikopa. Tena madai hayo huzaa uovu mwingine, maana cheti kinachotafutwa mbiombio wiki ya mashindano husema umri ule ule anaoutaka mwalimu wa michezo.

Wako wenzetu watakaotujibu ya kwamba kanuni ya umri iliwekwa ili kuwalinda wadogo. Ni kweli, wala hatuidharau hoja hii. Kijana wa miaka 17 akimwangukia mtoto wa miaka 12, mfupa utavunjika bila kuuliza ni nani aliyechelewa shule. Na nchi yetu imeionja kanuni hii pande zote mbili. Timu yetu ya vijana, Serengeti Boys, ilikwisha kupata nafasi katika mashindano ya Afrika ya vijana wa chini ya miaka 17 yaliyochezwa Gambia mwaka 2005, ikaondolewa kwa sababu ya mchezaji aliyehesabiwa kuwa amepita umri. Miaka kumi na mmoja baadaye ikawa kinyume chake. Mwaka 2016 vijana wetu walitolewa na Kongo ya Brazzaville: walishinda 3 kwa 2 Dar es Salaam, wakafungwa 1 kwa 0 huko ugenini, na goli la ugenini likawaondoa. Tukalalamika juu ya umri wa mchezaji wao mmoja. Chama cha mpira cha Afrika kikaagiza aletwe apimwe, hakuletwa, na Kongo ikaondolewa; vijana wetu wakaenda Gabon mwaka 2017, wakatoka sare na Mali na kuwashinda Angola kabla ya kufungwa na Niger. Siku hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyesema kanuni ni mbaya.

Kipimo chenyewe kilichotakiwa si cha macho. Tangu mwaka 2009 FIFA imetumia mashine ya MRI katika mashindano ya dunia ya umri huo, kupiga picha ya kifundo cha mkono. Karibu na kifundo pana mahali ambapo mfupa hukulia, napo huziba mtu akiisha kukomaa. Pakionekana pamekwisha kuziba kabisa, ni nadra sana mwenyewe kuwa chini ya miaka 17. Lakini kipimo hicho hakiwezi kutuambia kama mtoto ana miaka 12 au 14, na mashine yake haitaletwa katika uwanja wa kata. Basi wanaotaka ukali wa Gabon hapa Lalago wanautaka bila chombo chake.

Tena iko tofauti ambayo wengi huipita. Mashindano yale ya Afrika ni ya umri. Jina lake lenyewe lasema chini ya miaka 17, na aliyepita hana sehemu humo, hata awe nani. Mashindano ya shule ni ya wanafunzi. Swali lake la kwanza ni hili: je, huyu ni wa shule hii? Umri ni swali la pili, la kupanga nani acheze na nani. Tulivyo sasa tumegeuza mambo: swali la pili twaliuliza kwa kelele uwanjani, na la kwanza twalipita kimya, kwa kuwa wanaojua jibu lake ni watu wazima wenye vyeo.

Shauri hili si la kwetu peke yetu. Lilisumbua vyuo vya Marekani pia, na jina la Mtanzania mmoja lajulikana huko. Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita katika mkoa wa Mara, jirani zetu, alikwenda kusoma katika chuo kikuu cha Texas huko El Paso akiwa amekwisha kupita miaka 20. Alishinda mbio za mita 10,000 za vyuo vya Marekani miaka 4 mfululizo, tangu 1979 hata 1982, na katikati ya miaka hiyo akapata medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow, mwaka 1980. Alipopata ushindi wake wa nne alikuwa na miaka 29. Henry Rono wa Kenya, mwanafunzi wa chuo cha Washington State, aliweka rekodi 4 za dunia kwa siku 81 mwaka 1978, naye alikuwa na miaka 26. Walikuwapo walionung'unika kwamba watu wazima wanashindanishwa na vijana waliotoka sekondari juzi.

Manung'uniko ya namna hiyo yalikuwa yamekwisha kuzaa kanuni mbovu. Chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kilikuwa na sharti juu ya wageni tu: miaka ambayo mgeni alicheza baada ya kutimiza 19, kabla ya kuingia chuoni, ilitolewa katika miaka yake ya kucheza chuoni. Mzaliwa wa Marekani hakuhesabiwa hivyo. Chuo kikuu cha Howard, kilichonyang'anywa ubingwa wa mpira wa mwaka 1971, kilikwenda mahakamani, na mwaka 1975 mahakama ya rufani ikaamua ya kwamba sharti hilo la wageni si la haki. Ubingwa haukurudi, maana yalikuwapo mashtaka mengine. Lakini sharti lilikufa. Angalieni basi: kosa halikuwa kuhesabu miaka. Kosa lilikuwa kuhesabu ya wengine na kuacha ya wengine. Na kupima kwa macho hufanya lilo hilo, kwa kuwa mtoto wa mjini ana karatasi, na mtoto wa mchungaji ana ndevu.

Hata katika mashindano ya ngoma ya Wagika na Wagalu (twajua si wasomaji wote wanaozipenda, wala hatuzitetei hapa) mchezaji huulizwa yu wa upande gani, haulizwi ana miaka mingapi. Na wasichana je? Tangu Novemba 2021 serikali imewaruhusu waliokatiza masomo kwa sababu ya uzazi warudi katika shule zao. Mmoja wao akirudi, akavaa sare, akataka kucheza netiboli pamoja na darasa lake, atakuwa ameruhusiwa mlangoni na kufukuzwa uwanjani?

Sasa tuseme juu ya adhabu. Mamluki hajikodi mwenyewe. Yuko aliyemtafuta, yuko aliyempa nauli, yuko aliyetia sahihi kwamba ni mwanafunzi. Yakigunduliwa, timu nzima hurudishwa nyumbani, watoto kumi na mmoja wasio na hatia wakilia ndani ya lori, na aliyetia sahihi huonekana tena mwaka wa pili akiandaa timu nyingine. Wengine miongoni mwao ni wenzetu, tena huketi viti vya mbele kanisani. Mtu wa namna hiyo asishike tena timu ya watoto, na sababu yake isomwe mbele ya mkutano wa wazazi.

Kwa habari ya umri twataka jambo rahisi, lisilo na gharama. Umri wa mtoto uandikwe siku anapoingia darasa la kwanza, kabla mtu yeyote hajajua kama aweza kupiga mpira, na mzazi aweke sahihi au kidole. Nakala iwekwe katika ofisi ya kata. Na umri huo ndio utumike hata mwisho, usibadilishwe na mwalimu yeyote. Waliopita kikomo wachezeshwe wao kwa wao katika timu ya wakubwa, maana katika shule zetu ni wengi wa kutosha, wala hawatamwumiza mdogo. Na mwezi mmoja kabla ya mechi ya kwanza majina ya wachezaji wote yabandikwe mlangoni mwa shule, wazazi wayasome, na mwenye neno alilete kwa mwalimu mkuu siku hizo, si siku ya fainali mbele ya mtoto na mama yake.