Kijana anataka kulenga shabaha: tumpe upinde, si bunduki ya kujitengenezea

Ndugu wachimbaji, mama zetu munaobaki nyumbani mukitungoja, na ninyi vijana wetu,

Wiki tatu zilizopita kijana mmoja alinifuata nilipokuwa natoka kwenye mkutano wa chama. Ana miaka 22, baba yake tulichimba naye shimo moja zamani. Kazi yake ni kuchomelea vyuma: vinu vya kusagia mawe vikivunjika, yeye njo anaitwa. Alitoa simu, akanionyesha picha ya bunduki ya mashindano, ile ya kulenga karatasi. Akasema: « Presida, angalia. Ulaya batu banashindana na hii. Tiyo niko nayo, mbao niko nayo, kuchomelea njo kazi yangu. Chama inisaidie tu dola makumi tatu, nitaitengeneza. »

Nilipeleka neno lake kwenye kamati. Wenzangu waligawanyika. Wamoja walisema huyu mtoto ni mwenda wazimu, afukuzwe. Wengine walisema hapana, ana akili, tumuunge mkono. Mimi sikukubaliana na upande wowote, na kwa sababu najua vijana wengine wana wazo kama lake, naandika hapa mawazo yangu.

Kwanza tujue kitu chenyewe. Katika michezo ya Olimpiki kuna mashindano ya bunduki ya upepo ya mita 10. Haitumii baruti, inasukuma kirisasi cha milimeta 4,5 kwa nguvu ya hewa. Mshindani anapiga mara 60 kwa saa moja na dakika 15. Alama ya kumi, ile ya katikati ya karatasi, ni kidoa cha nusu milimeta. Nusu milimeta! Hata chembe ya dhahabu tunayoitafuta ndani ya sahani inaweza kuwa kubwa kuliko hiyo. Ndiyo maana bunduki mpya za viwanda vya Ujerumani, kama Walther na Feinwerkbau, zinapita dola elfu mbili. Unalipia mtutu uliopimwa vizuri, na kitako kinachofunguliwa na kufungwa mpaka kifuate bega na shavu la mwenyewe. Tiyo ya maji haiwezi kufanya kazi hiyo, hata mchomeleaji awe fundi namna gani. Na tiyo iliyotiwa hewa nyingi inaweza kupasukia usoni mwa mwenye kuishika.

Lakini tuseme kijana anafaulu. Ataibeba namna gani? Sheria ya silaha ya mwaka 1985 haimuruhusu mtu atengeneze ao ashike silaha bila ruhusa ya serikali. Na tangu tarehe 6 Mei 2021 jimbo letu liko chini ya utawala wa kijeshi, Etat de siège. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wanazika ndugu zao waliouawa mashambani na vijijini, na mauaji yakafika mpaka upande wa Mangurejipa, kwenye machimbo yetu. Katika inchi kama hiyo, mtu aliye kwenye bariere saa kumi na mbili ya jioni hataangalia kama mtutu wako ni wa upepo ao wa baruti. Anaona umbo la bunduki tu. Mimi mwenyewe nililazwa chini kwenye matope, kwenye bariere moja ambayo sitaitaja, kwa sababu ya taimbo nililofunga ndani ya gunia. Taimbo tu! Walipofungua wakaona, wakaniambia niende. Nilikuwa na bahati.

Kwa hiyo jibu langu kwa bunduki ni hapana.

Lakini hapo njo siafikiani na wenzangu waliotaka kumfukuza. Tukisema hapana na kufunga mlango, kijana anabaki na ufundi wake na hamu yake. Jiulizeni: hapa kwetu ni nani mwingine anayemtafuta kijana anayejua kutengeneza mtutu? Munajua jibu. Wako msituni, na hawataomba kamati iketi. Watamwambia karibu, watampa kazi, watampa makuta, na baba yake atamsikia tena siku ya kilio. Bunduki za kienyeji zinazozunguka katika vijiji vyetu hazikuanguka kutoka mbinguni. Zilitoka katika mikono ya mafundi waliokosa mtu wa kuwapa kazi nyingine.

Siku ya yenga kijana wa mgodini ana nini? Ana kileo, ana karata, ana kubashiri mpira kwenye simu mpaka mshahara wa wiki unaisha. Kabumbu ni kwa kumi na moja, wengine wanaangalia. Huyu alikuja na hamu ya kushindana kwa utulivu, kwa jicho na pumzi. Hamu hiyo ni mali. Tusiitupe pamoja na mawe yasiyo na dhahabu.

Neno langu ni hili: tumpe upinde.

Musicheke. Upinde ni mchezo wa Olimpiki sawa na bunduki. Mwaka 2016, huko Rio, aliyebeba bendera ya Kenya siku ya kufungua alikuwa mwanamke mpiga upinde, Shehzana Anwar. Mwaka 2024, huko Paris, Israel Madaye wa Chad alisimama mbele ya Kim Woo-jin wa Korea ya Kusini, fundi wa mafundi. Alipigwa sita kwa sifuri kwa hesabu ya pointi za seti, na mshale wake mmoja ulipata alama moja tu. Watu walicheka kwanza, halafu wakauliza habari zake, na ulimwengu mzima ukajua jina lake. Kim alirudi kwao na medali tatu za dhahabu, na Madaye alirudi kwao mtu wa heshima. Kwenye Paris hiyo hiyo Yusuf Dikeç wa Uturuki, mwenye miaka 51, alipata medali ya feza kwa bastola ya upepo akiwa na miwani ya kawaida na mkono mfukoni. Vijana wanapenda picha yake, wanasema hakuwa na kitu. Si kweli: bastola yake ilikuwa ya mashindano, na nyuma yake kulikuwa miaka mingi ya mazoezi. Miaka hiyo hakuna duka linaloiuza.

Na sisi si wageni wa upinde. Wambuti wa msitu wa Ituri ni majirani zetu, na wanalenga nyani juu ya mti kwa upinde mdogo wenye kamba ya kekele. Na kutengeneza kitu kwa mali kidogo, nani atatufundisha? Chukudu inayoshusha makabichi na viazi kutoka Lubero ni mbao, misumari na mpira wa gari lililokufa. Hakuna kiwanda.

Tulijaribu. Upinde wa kwanza na mishale sita vilitutoka dola nane, na hivi njo tulifanya. Mti tulimuomba mzee anayejua miti inayojikunja bila kuvunjika. Tuliukausha kivulini, si juani, kwa sababu jua linaupasua. Tulichonga pande mbili zikunjike sawasawa, kidogo kidogo, maana mbao uliyotoa hairudi. Kamba ni uzi wa wavu kutoka Kyavinyonge, tulisokota nyuzi nyingi pamoja. Nailoni inarefuka mvua ikinyesha, kwa hiyo tunaikaza upya kila mara. Mishale ni ya mianzi mikavu, iliyonyoshwa juu ya moto. Kikinga mkono, kwa sababu kamba inachapa ngozi vibaya, tulikikata katika buti la mpira lililotoboka, na mabuti yaliyotoboka hatuyakosi. Shabaha ni magunia yaliyojaa majani makavu, na juu yake karatasi.

Vipimo ni vya kweli, si vya kuchezea. Mashindano ya ndani ya nyumba yanapigwa mita 18, karatasi ya sentimeta 40. Yale ya Olimpiki ni mita 70, karatasi ya sentimeta 122, na alama ya kumi katikati ina upana wa sentimeta 12,2. Sisi tunaanza mita 18. Anayeweza kusimama mita 18 atafika 70 siku moja.

Najua mutaniuliza: na upinde nao si silaha? Ndiyo, ni silaha. Wako waliokwenda vitani na mishale, hatujasahau. Ndiyo maana tuliweka masharti, na asiyeyakubali arudi nyumbani. Chefu wa kartieri na wenye usalama wamejulishwa mbele, kwa barua yenye kashe ya chama. Pinde zinalala ndani ya sanduku lenye kufuli, hakuna anayebeba upinde barabarani. Tunapiga mchana tu. Nyuma ya shabaha sherti kuwe kilima cha udongo uliotoka shimoni, kirefu kuliko mtu. Hakuna anayepita mbele mpaka wote waweke pinde chini. Na hakuna kuachilia kamba bila mshale, maana upinde unavunjika na vipande vinaruka usoni.

Sasa naomba mambo manne, na naomba kwa sauti.

Kwa makoperative: munakata kila wiki kwenye kazi ya mchimbaji, kata ya hiki na kata ya kile. Toeni sehemu ndogo kwa siku ya mapumziko ya watoto wake. Kiwanja hakikosi, mashimo yaliyokufa yako mengi. Yafukieni vizuri, mutupe moja.

Kwa wakubwa wa miji ya Butembo na Beni: tupeni karatasi inayosema mchezo huu unaruhusiwa, wapi na saa ngapi, ili kijana asilazwe matopeni. Karatasi moja yenye kashe inaokoa maisha, na haiwagharimu kitu.

Kwa chama chetu, na mimi nikiwemo: tumezoea kupigania bei ya gramu, kofia ya chuma na matunzo ya aliyeangukiwa na shimo. Ni vizuri, tuendelee. Lakini mchimbaji ni mtu mzima, ana yenga, ana watoto. Chama kisichojua kijana wake anafanya nini siku ya yenga kitamtafuta siku ya kwanza bila kumuona.

Kwa wazazi: mtoto akileta wazo la hatari, musianze na fimbo. Muulizeni anatafuta nini ndani ya wazo hilo. Huyu wetu hakutafuta kuua. Alitafuta siku moja aitwe jina lake mbele ya watu kwa kitu alichofanya vizuri.

Dola makumi tatu kamati haikumpa. Ilimpa nane, na ikamwambia atengeneze miguu ya chuma ya kusimamishia shabaha. Alikasirika siku mbili. Siku ya tatu alileta miguu hiyo, imechomelewa vizuri kuliko meza yangu ya nyumbani, na ina skurubu za kuinua na kushusha, kwa sababu alisema watoto wadogo nao watakuja.

Yenga iliyopita walikuja kumi na wanne. Aliyeshinda si yeye. Ni binti wa mama mmoja anayepeta mchanga kwenye mto, ana miaka 16, mkono wake hautetemeki. Kijana wetu alikuwa wa tisa. Aliniambia kosa ni la mishale, haikunyoshwa vizuri, na kwamba wiki hii atainyosha upya yote, hata ile ya yule binti.

Nilimwambia ni sawa. Moto uko, mianzi iko. Na yenga ijayo tutaanza saa nane, kila mtu akija mikono mitupu.